Temporari ya kaunsili: nyumba ya muda ambayo watu wanazeekea humo

Ijumaa saa kumi na nusu jioni ndio saa yenyewe ya hausing. Kaa siku moja kwenye hausing, yaani ofisi ya nyumba, ya kaunsili (halmashauri) yoyote ya London utaona: asubuhi watu wanachukua namba, mchana watoto wanalala juu ya makoti, na ikifika saa kumi na nusu, afisa keshaweka begi mgongoni, ndio jina linaitwa na mtu anapewa anwani kwenye kikaratasi. Nenda hapa, ufunguo utaukuta mapokezi, Jumatatu tutaongea. Anatoka na mabegi mawili, kigari cha mtoto na watoto, anaanza kuuliza basi namba ngapi.

Ninachozungumzia hapa ni England, manake Uskochi na Wales wana sheria zao. Na mimi sio mwanasheria, ni mtu tu niliyekaa huku Ukerewe, yaani Uingereza, muda mrefu, kwahiyo watu wetu wakipata barua ya kaunsili wananiita niwasomee na niwasindikize, dada wa Mombasa, kaka wa Kigoma, mama wa Bukavu, Wabarawa wale na Kiswahili chao kitamu, wote nimeshakaa nao kwenye vile viti vya plastiki vilivyofungwa bolti sakafuni. Na swali ni lile lile siku zote: wamesema temporari, sasa tutakaa wiki ngapi?

Neno temporari halihesabu siku. Linakwambia una hadhi gani ndani ya ile nyumba. Kaunsili imekuweka humo kwasababu sheria inaidai deni kwako na deni hilo bado halijalipwa. Likilipwa au likifutwa, temporari imeisha hata kama umelala usiku mmoja, na lisipolipwa unakaa tu, mwaka, miaka mitano, kuna watoto wameanza darasa la kwanza na kumaliza primari wakiwa temporari hiyo hiyo, au mbaya zaidi, temporari tano tofauti. Kwahiyo ukishika barua yoyote ya hausing tafuta kwanza neno moja: wamekuandikia ni deni lipi, yaani ni wajibu upi. Mengine yote yanatoka hapo.

Deni lenyewe lilianza mbali. Sheria ya 1948 iliwapa kaunsili kazi ya kuwaweka watu waliokosa makazi ghafla, lakini sehemu zilizotumika zilikuwa mabweni ya ajabu, mama na watoto ndani, baba akalale anakojua, familia zinatenganishwa eti kwasababu hakuna nafasi. Kelele zikapigwa miaka ya 60 mpaka mwaka 1977 ikatoka sheria iliyosema kwa mara ya kwanza kwamba idara ya nyumba, sio ustawi wa jamii, ina wajibu wa kuwapa makazi makundi fulani ya watu, tena familia nzima pamoja. Sheria hiyo ndio imekuja kukaa kwenye Sheria ya Nyumba ya 1996, sehemu ya 7, halafu ikaongezewa nyama na sheria ya kupunguza ukosefu wa makazi ya 2017 iliyoanza kazi Aprili 2018. Afisa akikutajia "sekshen 188" au "sekshen 193", yaani kifungu namba hiyo, ujue anasoma kwenye hiyo ya 1996.

Sasa kuna maswali matano ambayo faili lako litapitishwa, na watu wengi wanadhani ni swali moja tu la "una pa kulala au huna".

Kwanza, je huna makazi kweli? Hapa sheria iko pana kuliko wabongo wanavyofikiri. Sio lazima uwe unalala kituo cha basi. Ukiwa umelala kwenye sofa la shemeji na kakwambia uondoke, huna makazi. Ukiwa na nyumba lakini mume anakupiga humo ndani, sheria inasema nyumba hiyo huwezi kutegemewa uendelee kuishi, kwahiyo huna makazi. Na ukiwa bado uko ndani lakini utatoka ndani ya siku 56, unahesabika uko hatarini na kaunsili inatakiwa ianze kukusaidia hapo hapo.

Pili, makaratasi yako yanakuruhusu? Hili ntalirudia chini manake ndio linaua watu wetu.

Tatu, uko kwenye kundi la kipaumbele? Mwenye watoto yumo, mjamzito yumo, kijana wa miaka 16 au 17 kwa kawaida yumo, aliyeunguliwa nyumba au kuhamishwa na mafuriko yumo, na tangu Julai 2021 mtu aliyekosa makazi kwasababu ya ukatili wa nyumbani anaingia moja kwa moja bila kupimwa udhaifu wake. Wengine, wazee, wagonjwa, wenye matatizo ya akili, wanapimwa kama ni "dhaifu" kuliko mtu wa kawaida. Zamani kaunsili zilikuwa zinakulinganisha na mtu wa kawaida aliyeko mtaani, yaani uwe umechakaa kuliko waliochakaa, mpaka Mahakama ya Juu ikasema mwaka 2015 kwamba hapana, mlinganishe na mtu wa kawaida tu akikosa makazi.

Nne, umejitakia? Yaani uliacha nyumba nzuri kwa makusudi, au uliacha kulipa kodi mpaka ukatolewa wakati hela ulikuwa nayo. Tano, una uhusiano na mtaa huu? Kwa kawaida wanaangalia kama umekaa hapo miezi 6 katika 12 iliyopita, au miaka 3 katika 5, au una kazi hapo, au ndugu wa karibu. Hili la tano halikunyimi msaada, linaamua tu kaunsili ipi itakubeba mwisho wa safari, na hata hivyo hawawezi kukurudisha kule ambako kuna mtu wa kukudhuru.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Ili upewe pa kulala usiku ule, kaunsili haisubiri majibu ya maswali yote matano. Sekshen 188 inasema wakiwa na sababu ya kuamini tu kwamba huenda huna makazi, huenda makaratasi yanaruhusu na huenda uko kwenye kipaumbele, wakupe pa kukaa halafu uchunguzi uendelee. Huenda, huenda, huenda. Ngazi ni fupi kabisa. Lakini ukifika mapokezi utaambiwa leta kwanza barua ya mahakama, leta stetimenti za benki za miezi sita, kaunsili yako sio hii, rudi dalali wa mahakama akishakutoa. Mwongozo wa serikali wenyewe unawakataza kuzoea kuwaacha watu wasubiri mpaka siku ya dalali, ila mtu anayeambiwa hivyo dirishani na mtu mwenye kitambulisho shingoni atajuaje? Nimeshaona mama anarudi nyumbani na watoto wawili saa mbili usiku kwasababu kaambiwa "hakuna nafasi", wakati hilo la nafasi halimo kabisa kwenye sheria. Siku hiyo dawa ni kusema nataka uamuzi wenu kwa maandishi. Utashangaa simu zinavyoanza kupigwa.

Baada ya hapo kuna hatua. Ukiwa bado hujatolewa unakuwa kwenye wajibu wa kuzuia, ukishakosa makazi unaingia wajibu wa kuokoa wa siku 56, ambao wanakaa na wewe mnaandika mpango wa makazi, wewe utafute nini wao wafanye nini (mipango mingi niliyosoma, upande wa "wewe utafute" una mistari kumi na upande wa pili miwili, basi tu). Siku hizo zikiisha bila nyumba ndio wanaamua kama unawadai ule wajibu mkubwa, wajibu kamili wa sekshen 193. Barua hiyo ndio ya kufremu. Ukishaipata, temporari yako inabadilika kisheria hata kama chumba ni kile kile na kunguni ni wale wale: mwanzo ulikuwa pale kwa muda wa uchunguzi, sasa uko pale mpaka wakupe ofa ya kumaliza deni. Na haki ya kudai marudio ya uamuzi, yaani wauangalie upya, kwamba nyumba hii haitufai, inakuja kwa huu wajibu mkubwa. Kabla ya hapo ukitaka kupinga chumba inabidi wakili aende mahakamani kwa mlango mwingine, mgumu zaidi.

Hizo nyumba zenyewe zinatoka wapi? Watu wanadhani kaunsili ina ghala la nyumba. Walikuwa nazo, kweli, lakini tangu 1980 wapangaji walipewa haki ya kuzinunua kwa punguzo, zikauzwa karibu milioni mbili, na zilizojengwa kuziba pengo ni chache sana. Kwahiyo leo temporari ni mchanganyiko. Kuna fleti za kaunsili yenyewe, mara nyingi kwenye majengo yanayosubiri kubomolewa, unakuta ghorofa nusu madirisha yamepigwa mabati na nusu watu wanaishi. Kuna nyumba za watu binafsi ambazo kaunsili au shirika la nyumba limezikodi kwa miaka mitatu, mitano, hizi ndio afadhali, unapata jiko lako na mlango wako. Kuna hosteli. Kuna B&B, yaani nyumba za wageni za kulala na chai ya asubuhi, na hoteli za bei rahisi. Na kuna hii biashara iliyonenepa kuliko zote, nyumba za kulipwa kwa usiku: mwenye nyumba hasaini mkataba mrefu, anampa kaunsili fleti kwa bei ya usiku mmoja mmoja kama gesti ya Manzese, tofauti ni kwamba mgeni analala humo miaka miwili.

Ukijiweka kwenye nafasi ya mwenye nyumba unaelewa haraka. Mpangaji wa kawaida atakulipa kodi ya mwezi. Kaunsili iliyobanwa Ijumaa saa kumi, ina familia saba mapokezi, italipa chochote. Na jirani yake naye ana familia tisa, anapiga simu kwa ajenti yule yule. Kaunsili za London zimejaribu kukubaliana bei ya juu ili zisishindane, ila shida haina adabu, zinapita juu ya bei hizo zenyewe. Matokeo yake kuna wenye nyumba wanaomtoa mpangaji, yule mpangaji anakwenda kaunsili kukosa makazi, na nyumba ile ile inakodishwa kaunsili kwa usiku. Nyoka anakula mkia. Notisi ya sekshen 21, ile ya kumtoa mpangaji kwa miezi miwili bila kumpa sababu, kwa miaka mingi imekuwa moja ya vyanzo vikubwa vya kuleta watu hausing, na ndio hiyo sheria ya wapangaji ya 2025 imekuja kuifuta.

Kuhusu nani analipa, hapa watu wengi wanashangaa: wewe unayekaa ndio unayedaiwa kodi, inaandikwa kwa jina lako. Kama huna kipato inalipwa na Housing Benefit, ruzuku ya kodi inayopitia kaunsili, sio Universal Credit, posho ya jumla ya serikali kuu, hii ilibadilishwa Aprili 2018, kwahiyo unakuwa na madai mawili sehemu mbili tofauti na ukisahau kujaza moja unaamka na deni la kodi la chumba cha hoteli. Na ukianza kazi, kipato kikivuka kiwango, kila paundi moja ya ziada inakata pensi 65 kwenye Housing Benefit, na kwakuwa kodi ya temporari ni kubwa kuliko ya kawaida, mtu anapiga hesabu anaona akiongeza shifti wiki hii amefanyia kazi kaunsili. Kaka mmoja wa usafi wa maofisi aliniambia mimi hapa nabeba boksi mpaka mgongo unalia na mwisho wa mwezi nabaki na nauli. Sikuwa na la kumjibu, hesabu zake zilikuwa sawa.

Upande wa kaunsili nako kuna tundu. Serikali kuu inawarudishia hela ya Housing Benefit waliyotoa, ila kwa kiwango chenye ukomo, na ukomo wa nyumba nyingi za temporari ni asilimia 90 ya kiwango cha kodi cha mtaa cha Januari 2011. Ndio, 2011. Hoteli nayo inahesabiwa kama nyumba ya chumba kimoja ya mwaka huo huo, hata mkiwa watano. Tuchukue mfano tu, usiku mmoja paundi 80, wiki inakuwa 560. Ukomo wa 2011 ukiwa, tuseme, paundi 200, zile 360 zinazobaki kaunsili inazitoa kwenye mfuko wake, ule ule wa maktaba, wazee na kuziba mashimo barabarani. Zidisha kwa familia elfu mbili. Mwishoni mwa Machi 2025 kulikuwa na kaya zaidi ya 131,000 kwenye temporari England nzima, na watoto ndani yake karibu 169,000, na kwa mwaka ule bili ya kaunsili ikafika kama paundi bilioni 2.8. Umoja wa kaunsili za London wao mwaka 2024 walisema kwao ni kama paundi milioni 4 kila siku, na kwamba kila darasa la shule London, kwa wastani, lina mtoto mmoja angalau asiye na makazi ya kudumu. Kwa hela hizo zingejengwa nyumba ngapi, kila mtu anauliza, jibu ni kwamba hela ya kulala leo inatoka leo na hela ya kujenga inatakiwa miaka mitano kabla, na hakuna kaunsili inayoweza kuwaambia familia saba za mapokezi subirini tunachimba msingi.

Niingie ndani ya chumba kimoja sasa. Dada mmoja wa pwani, watoto watatu, waliwekwa B&B, ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Kitanda kikubwa kimoja, kimoja cha ghorofa, na kitanda cha mtoto mchanga kilichokuja baada ya wiki mbili za simu (mwaka 2024 mwongozo wa serikali uliongezwa hili wazi, mtoto wa chini ya miaka 2 apate kitanda chake, omba, usione aibu). Jiko hamna. Kulikuwa na kabati, juu ya kabati maikrowevu, juu ya maikrowevu birika la umeme, na dada huyu alikuwa anachemsha mayai ndani ya birika, anapika nudozi ndani ya birika, siku ya Idi alijaribu wali ndani ya maikrowevu kwenye bakuli la aiskrimu, akanipigia simu anacheka na analia. Mapokezi kuna daftari, lazima usaini kila siku, usipolala pale siku kadhaa bila ruhusa kaunsili inaweza kusema umeacha nyumba mwenyewe na deni limekwisha. Wageni marufuku. Mama yake mzazi alikuja kumsaidia na mtoto mchanga, walikutana kwenye kibanda cha basi.

Sheria inasema familia yenye watoto au mjamzito isikae kwenye B&B ya namna hiyo zaidi ya wiki 6, na hata hizo 6 ni kama kweli hakuna kingine. Yeye alikaa kumi na nne. Wiki ya saba tuliandika barua, wiki ya tisa wakili wa msaada wa kisheria akaandika barua yake, fupi kuliko yetu, ikajibiwa kesho yake. Ila kuna ujanja wa kuujua hapa: kikomo cha wiki 6 kinahusu B&B za watu binafsi. Hosteli ya kaunsili yenyewe, hata kama jiko mnachangia kaya sita, haihesabiki. Na kama uko peke yako bila watoto, kikomo hicho hakikuhusu kabisa. Uskochi wao wako mbele, huko ukomo ni siku 7 na kwa kila mtu, na lile swali la kipaumbele walishalifuta tangu mwisho wa 2012.

Kitu kingine ambacho kinawaumiza watu ni kuondolewa. Mtu anasema mimi mpangaji, wanipeleke mahakamani. Kwenye temporari ya muda wa uchunguzi huwezi, Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 2014 kwamba hapo wewe una ruhusa tu ya kukaa, wakikuondoa wanakupa notisi ya muda wa kutosha, sio lazima amri ya mahakama. Ndio maana nilisema mwanzoni, ile temporari ni hadhi.

Halafu kuna kupelekwa mbali. Sheria inataka wakuweke ndani ya mtaa wao kadiri inavyowezekana, lakini London hakuna nyumba za bei hiyo, kwahiyo watu wanajikuta Kent, Essex, Birmingham. Kule Harlow, Essex, kuna jengo la maofisi linaitwa Terminus House lililogeuzwa fleti ndogo ndogo, likajaa watu waliotumwa na kaunsili za mbali, likawa habari nchi nzima. Kuna mama mwenye watoto watano, kaunsili ya Westminster, London, ilimwambia aende Bletchley, karibu na Milton Keynes, akakataa, wakamwambia basi deni limekwisha. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 2015 akashinda. Mahakama haikusema ni kosa kumpeleka mtu mbali. Ilichosema ni kwamba kaunsili ionyeshe kwa ushahidi ilitafuta karibu, ilifikiria shule za watoto na nani anamsaidia mama huyu, isiandike tu "tuna upungufu wa nyumba" na kupiga muhuri. Kwahiyo siku ya mahojiano sema yote na yaandikwe: mtoto ana mtihani mwaka huu, hospitali yangu ni ipi, shangazi ndio anachukua watoto nikiwa zamu ya usiku. Usiposema wakati ule, baadaye wanakwambia hatukujua.

Lakini, jamani jamani, alichokifanya yule mama, kukataa, msikiige. Alishinda baada ya miaka na hatari ilikuwa kubwa. Ofa ya mwisho inaweza kuwa nyumba ya kaunsili au ya shirika, ambayo foleni yake mnaijua, au tangu Novemba 2012 inaweza kuwa nyumba ya mtu binafsi, utake usitake. Ukikataa ofa inayofaa, deni limefutwa na temporari unatoka. Ukikubali, sheria bado inakuruhusu kudai marudio. Pokea ufunguo, hamia, na ndani ya siku 21 andika kwamba unapinga kufaa kwake. Vyote viwili kwa pamoja. Hakuna kitu nimewahi kurudia kwa watu kama hiki, na bado kila mwaka nampata mmoja aliyekataa kwasababu rafiki kamwambia ukikataa mara tatu wanakupa nzuri.

Kwenye makaratasi sasa. Ukiwa na viza yenye sharti la kutogusa fedha za umma, hausing hawakuhudumii, mlango ule umefungwa. Ila kama una watoto, nenda sosho sevisi, yaani ustawi wa jamii, Sheria ya Watoto ya 1989, sekshen 17, inawapa uwezo wa kumweka mtoto mwenye uhitaji pamoja na mzazi wake. Wanaoomba hifadhi nao wako nje ya haya yote, zile hoteli mnazoziona kwenye taarifa ya habari ni za serikali kuu, Home Office (wizara ya mambo ya ndani), na kampuni zake zenye mkataba, kaunsili haimo. Watu wanachanganya, mtu anatukanwa mtaani eti mwomba hifadhi wakati ni Muingereza aliyetolewa na mwenye nyumba. Ukikubaliwa ukimbizi ndio unahama upande, unapewa muda mfupi tu wa kutoka kwenye nyumba ya Home Office, na siku hiyo hiyo uliyopata barua ndio siku ya kwenda hausing, usingoje siku za mwisho.

Na aliye peke yake, mzima wa afya, bila kundi la kipaumbele? Kwa England huyu anapata mpango wa makazi kwenye karatasi na ushauri. Kitanda atakitafuta kwenye hosteli za mashirika ya hisani, makanisa yenye malazi ya usiku wakati wa baridi, au dharura ya kaunsili joto linaposhuka kufika sifuri. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali iliagiza waliolala mitaani wote waingizwe ndani, na mahoteli yaliyokuwa matupu yakawapokea maelfu ndani ya wiki chache, hakuna aliyeulizwa kwanza kama ni dhaifu kuliko mtu wa kawaida. Kwahiyo uwezo upo, tuliuona kwa macho.

Mwisho, vitu vyako. Ukihamia chumba cha B&B sofa haliingii. Wengi wanaacha fanicha kwa mwenye nyumba au wanagawa, hawajui kwamba sekshen 211 inaitaka kaunsili ilinde mali zako kama wewe huwezi kuzilinda na wana wajibu wa kukuweka. Lazima useme mapema, kabla dalali hajaja, na waulize bei kwa maandishi, manake wana haki ya kukutoza. Yule dada wa birika hakuuliza. Sofa lake la mitumba alilinunua paundi 80, limekaa stoo kwa paundi 15 kila wiki, na leo ana mwaka wa tatu kwenye temporari yake ya pili. Juzi kaniletea bili nimsomee, nikamwambia kaa kwanza, akasema nitakaa wapi, sofa liko stoo.